Kutupa na Kutupia: Hoja Kuhusu Sahani za Karamu

UTANGULIZI

Katika miaka ya karibuni karamu zetu zimeingiliwa na mgeni ambaye hakuna kikao kilichoketi kumjadili. Mgeni huyo ni sahani ya kutumiwa mara moja na kutupwa. Ameingia harusini, ameingia matangani, ameingia katika mahafali ya shule na mikutano ya vyama. Mwanzoni alikuja katika vazi la plastiki. Watu walipoanza kulalamika juu ya mifereji iliyoziba na ng'ombe waliokufa kwa kula mifuko, alirudi akiwa amebadili vazi. Sasa ni sahani ya makapi ya miwa, ni kikombe cha karatasi, ni kijiko cha mti, na wauzaji humsifu kwa kusema kwamba ni rafiki wa mazingira.

Swali ambalo makala haya yanakusudia kulijadili ni hili: mtu aandaaye karamu anapoiacha sahani ya plastiki na kuichagua ile inayosemwa kwamba huoza, je, amekwisha kutimiza wajibu wake kwa jirani? Wengi hujibu upesi kwamba amekwisha. Mimi naona kwamba jibu hilo limelitangulia swali. Kabla ya kuuliza ni sahani gani inayofaa kutupwa, yapasa tuulize kutupa ni nini, na ni nani anayepokea kile tunachokitupa.

Nimelijadili swali hili huku macho yangu yakielekea nchi moja, nayo ni eneo la mpaka wa Uganda na Kenya, tangu Tororo hadi Busia, na hasa mji mdogo wa Tiira ulioko wilaya ya Busia upande wa Uganda. Ninazo sababu tatu. Kwanza, katika eneo hili Wasamia, Wagwe, Wateso na Wapadhola huishi kwa kuchanganyika, huoana na huzikana, hata karamu ya mmoja huwa ni karamu ya wote. Pili, hapa ndipo sheria za nchi mbili zinapokutana, na tofauti zake zikaonekana kwa macho. Tatu, Tiira ni mji wa dhahabu, na watu wa dhahabu wana somo la kutufundisha juu ya takataka.

KITENZI NA MPOKEAJI WAKE

Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, na tuanze na lugha. Kitenzi "kutupa" kina tabia moja ya kustaajabisha. Mtu akisema, "Nimetupa sahani," sentensi yake imekamilika. Yupo mtendaji na kipo kitendwa, wala msikilizaji hana haja ya kuuliza zaidi. Sahani imetoka mkononi mwa msemaji, na pamoja nayo imetoka katika mazungumzo. Mahali ilikoangukia hapatajwi, wala hatajwi aliyeipata.

Lakini mara tu tunapokinyambua kitenzi hicho katika kauli ya kutendea, mambo hubadilika. "Nimemtupia jirani sahani." Hapo jirani, ambaye alikuwa amefichwa na kauli ya kutenda, hutokeza mbele yetu na kutudai maelezo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba, katika mambo ya takataka, hakuna kutupa kusiko kutupia. Kila kitu kitokacho mkononi mwetu huingia mahali fulani, na mahali hapo pana mwenyewe. Pengine ni shamba la mtu. Pengine ni mto wanakoteka maji. Pengine ni tumbo la ng'ombe au pafu la mtoto anayecheza kando ya moto wa taka. Sarufi huturuhusu kumsahau mpokeaji, lakini maadili hayaturuhusu.

Watu wa Tiira hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa sarufi. Dhahabu ya eneo hilo imechimbwa tangu miaka ya 1930, na hata leo wachimbaji wadogo huitafuta kwa mikono yao. Wengi wao hutumia zebaki ili kuikamata dhahabu katika mchanga uliosagwa. Kisha huichoma zebaki hiyo ili dhahabu ibaki peke yake, na mvuke wake huvutwa na wale walio karibu. Zebaki iliyobaki katika mchanga na maji ya kuoshea hufuata mteremko. Mchimbaji husema kwamba ameitupa. Lakini zebaki haiozi wala haipotei, bali huingia katika tope la kijito, hugeuzwa na vijidudu vya majini, huingia katika samaki, na mwishowe humrudia mwanadamu mezani. Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Maji machafu ya jahazi hukusanyika katika ngama, na mabaki ya karamu nayo yana ngama yake.

KARAMU ZA JANA

Isidhaniwe kwamba watu wa kale hawakutupa vyombo. Walitupa, tena kwa wingi. Katika Uganda jani la mgomba lilikuwa, na bado lipo, ni kifuniko cha sufuria, ni kitambaa cha meza na ni sahani. Chakula hufungwa ndani yake, hupikwa kwa mvuke, na hufunguliwa juu ya jani jingine. Karamu ikiisha, majani hupewa mbuzi au hurudishwa migombani, yakaoza na kuilisha migomba iliyoyazaa. Kadhalika India, watu wamekula tangu zamani katika sahani za majani yaliyoshonwa kwa vijiti. Kwa hiyo chombo cha kutupwa si uvumbuzi wa viwanda. Kilicho kipya ni chombo kinachotupwa mahali ambapo hakikuzaliwa, na ambapo hakuna wa kukipokea kwa furaha.

Pamoja na majani palikuwa na vyombo vya kudumu, na hivi ndivyo vilivyobeba maana kubwa zaidi. Katika mwambao wa Waswahili wageni hukaa kuzunguka sinia moja la pilau, mikono yao ikikutana katikati. Masufuria makubwa na masinia ya shughuli aghalabu si mali ya mtu mmoja, bali ni ya mtaa au ya msikiti, na mengine yamewekwa wakfu ili kila mwenye harusi au msiba apate kuyatumia. Bara nako, katika vijiji vya Busia na Tororo, vipo vikundi vya kusaidiana ambavyo huweka akiba, hununua masufuria, sahani, vikombe na maturubai, na kumwazima mwanachama anapofikwa na msiba. Uganda ya kati vikundi vya namna hiyo hujulikana kwa jina la munno mukabi, yaani rafiki katika shida. Sahani ya kikundi huwa imetiwa alama ya rangi kwa chini ili isipotee. Alama hiyo ndogo ina maneno mengi ndani yake. Humwambia mlaji kwamba chombo hiki kimetoka kwa watu, na kwa watu kitarudi.

Wateso nao wana chungu cha pombe ya ulezi, waiitayo ajono, ambayo wengi nchini Uganda huiita malwa. Watu hukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mirija hiyo husafishwa, hutunzwa na kutumiwa tena. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wateso wa Kenya, aliandika mwaka 1980 juu ya unywaji huo, akaonyesha kwamba kikao cha pombe ni picha ya umoja wa watu na pia ni mahali ambapo wasiwasi uliopo baina yao hujionyesha. Tutalirudia jambo hilo la wasiwasi, kwa sababu mwandishi akiusifu ujirani bila kuutaja wasiwasi wake atakuwa ameandika ngano.

SHERIA NA MPAKA

Serikali za Afrika Mashariki hazikulala. Zanzibar iliikataza mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na Rwanda ikafuata mwaka 2008. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu iliyoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Tanzania Bara ilifanya hivyo tarehe 1 Juni 2019. Kuhusu vyombo vya karamu hasa, Kenya iliagiza kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 sahani, vikombe, vijiko na mirija ya plastiki ya kutupwa isiingizwe katika mbuga za wanyama, misitu, fukwe na maeneo mengine ya hifadhi. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2019, ilikwenda mbali zaidi ikavikataza vyombo hivyo nchini kote.

Uganda iliweka katazo la mifuko ya plastiki katika Sheria ya Fedha ya mwaka 2009, kisha Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 ikaikataza mifuko iliyo myembamba kuliko maikroni 30. Lakini katazo hilo halikusimamiwa kwa nguvu kama lile la Kenya. Matokeo yake yalionekana Busia na Malaba. Mfuko ambao Nairobi huitwa juala, Kampala kavera na Dar es Salaam rambo, ulianza kuvushwa kwa siri kutoka Uganda kwenda Kenya, ukifichwa ndani ya mizigo mingine. Waliouvusha ni warithi wa wale vijana wa baiskeli waliokuwa wakiwaita abiria ili wawapeleke kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, na ambao, kama inavyosimuliwa, ndio waliotuzalia neno bodaboda.

Kisa hiki kinatufundisha nini? Mtu aweza kusema kwamba kinaonyesha udhaifu wa askari. Mimi naona kwamba kinaonyesha udhaifu wa wazo. Sheria inayokataza kitu upande mmoja tu wa mto humfundisha raia kwamba ubaya wa kitu hicho uko katika ardhi kinakokutwa, wala si katika kitu chenyewe. Mto Malaba haujui forodha. Unatoka upande wa mlima Elgon, unafuata mpaka, kisha unaingia Uganda kuelekea maji ya Kyoga na Nile. Mto Sio nao unatoka Kenya, unaugusa mpaka, na kuishia katika ziwa Victoria, ambalo nchi tatu zinakunywa. Sahani iliyotupwa harusini upande mmoja aweza kuiokota mvuvi wa upande mwingine. Huyo naye ni mpokeaji wetu, ingawa hatukumwalika kula.

SAHANI INAYOSEMWA KWAMBA HUOZA

Sasa na tuitazame ile sahani mpya. Yapasa tuitendee haki, kwa maana zipo za namna nyingi, na si zote zilizo sawa.

Ipo kwanza ile inayotengenezwa kwa plastiki ya mimea, na hasa ile iitwayo polilaktiki, ambayo hutokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Jina lake humfanya mnunuzi adhani kwamba ataitupa shambani nayo itaoza kama ganda la hindi. Sivyo. Plastiki hiyo huhitaji joto la karibu nyuzi 60 za Selsiasi, unyevu na hewa, kwa wiki nyingi mfululizo, mambo ambayo hupatikana katika viwanda vya kuozeshea taka. Kipimo cha Ulaya kijulikanacho kwa namba EN 13432 kinataka chombo kiwe kimesambaratika kwa asilimia 90 katika wiki 12, lakini kinapima katika hali ya kiwanda, si katika shimo la nyuma ya jiko. Mahali pasipo na kiwanda cha namna hiyo, chombo hicho ni plastiki kama plastiki nyingine. Umoja wa Ulaya wenyewe ulililitambua jambo hili. Katazo lake la sahani na vijiko vya plastiki, lililoanza tarehe 3 Julai 2021, halikuziachia plastiki za mimea zipite.

Ipo pili sahani ya makapi ya miwa. Hii ni bora zaidi, kwa kuwa nyuzi zake huoza zikifukiwa katika udongo wenye unyevu na hewa. Lakini ili sahani hizo zisipenywe na mafuta na mchuzi, baadhi ya watengenezaji wamekuwa wakizitia kemikali zenye florini ambazo huchukua muda mrefu mno kuvunjika. Denmark ilizikataza kemikali hizo katika karatasi na kadi za vyakula mwaka 2020. Isitoshe, nyingi ya sahani hizi zinazouzwa kwetu husafiri kutoka Asia, ilhali makapi ya miwa yamejaa katika viwanda vyetu. Kakira, karibu na Jinja, makapi hayo huchomwa ili kuzalisha umeme. Kwa hiyo makapi nayo yana kazi nyingine, wala si takataka iliyokuwa ikingoja kuokolewa na sahani.

Ipo tatu karatasi. Kikombe cha karatasi kikimiminiwa chai bila kulowa, mtu na ajiulize ni kwa nini hakilowi. Ndani yake pana utando mwembamba wa plastiki. Karatasi itaoza na utando utabaki, tena ukiwa umevunjika vipande vidogo visivyookoteka.

Hata jani la mgomba halikosi hesabu yake. Tangu mwaka 2001 migomba ya Uganda imekuwa ikishambuliwa na ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na bakteria, na njia moja kubwa ya kuueneza ni panga linalokata mgomba mgonjwa na kisha kukata mzima. Mwenye karamu anayetuma vijana wakate majani katika mashamba ya majirani bila kulipitisha panga motoni au katika dawa ya klorini, aweza kuwarudishia majirani hao njaa badala ya shukrani. Kwa hiyo hata kilicho cha asili huweza kumdhuru mpokeaji, ikiwa aliyekitumia hakumfikiri.

Fikiri karamu ya watu 300, ambayo kwetu si kubwa. Kila mlaji akipewa sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, ikifika jioni pana vipande 900 vya kutupwa. Aghalabu huchimbwa shimo na kuwashwa moto. Mkusanyiko huo ukiwa wa plastiki, moshi wake ni sumu. Ukiwa wa nyuzi, majivu yake hayana hatari kubwa, lakini basi sifa ya kuoza imekwenda na moshi, na mnunuzi amelipia fadhila ambayo haikutendeka.

HOJA ZA WANAOZITETEA

Wako watu wenye busara wanaozitetea sahani za kutupwa, na hoja zao si za kudharauliwa.

Hoja ya kwanza, na iliyo nzito kuliko zote, ni ya mwanamke. Ni nani anayeziosha sahani 300 za kudumu? Si mwenye hotuba, wala si wale waliokizunguka chungu. Ni wanawake ambao wamekuwa jikoni tangu kabla ya alfajiri, na wasichana ambao wenzao wa kiume wameachiwa wacheze ngoma. Sahani ya kutupwa ilipofika, hao ndio walioshusha pumzi. Mtu anayesimama jukwaani kuusifu utamaduni wa sinia, naye hajapata kulisugua sinia maishani mwake, na anyamaze kwanza.

Naikubali hoja hii kwa moyo wote, ila nakataa hukumu inayotolewa kwayo. Dhuluma iliyopo hapa haimo katika sahani, imo katika mgawanyo wa kazi. Tukiutua mzigo kutoka mikononi mwa mwanamke na kuupeleka mtoni na shambani, tumtazame vema huyo anayeukuta huko. Ni nani ateka maji katika mto ule? Ni nani apaliliaye shamba ambalo vipande vya vikombe hujitokeza kila jembe linapozama? Ni yeye yule. Mzigo aliotuliwa Jumamosi anaubeba tena Jumatatu, tena bila kuambiwa kwamba ni ule ule. Haki kamili ni kwamba aliyekula aoshe. Methali husema kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sioni kosa mgeni wa karamu akipewa sabuni siku ile ile, na wanaume wakiwa wa kwanza.

Hoja ya pili ni ya maradhi. Eneo la mpaka huu limepata kuingiliwa na kipindupindu zaidi ya mara moja. Mwaka 2020, malori yalipopanga foleni za kilomita nyingi Malaba na Busia yakingoja madereva wapimwe ugonjwa wa Korona, hapana mtu aliyekuwa na hamu ya kushika kikombe cha mwenzake. Hoja hii ni ya kweli wakati wa dharura, na aliye katika dharura ana ruhusa ambayo wengine hawana. Lakini dharura ina mwisho. Wakati wa kawaida, sahani iliyooshwa kwa maji ya moto na sabuni, ikasuuzwa kwa maji safi na kuanikwa juani juu ya kichanja, haina ubaya wa kuogopwa. Palipo na uhaba wa maji, hapo hesabu hubadilika, na mwenye karamu aliye na kisima kimoja kwa kijiji kizima ana haki ya kuipima hesabu hiyo upya.

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti, nayo ni ya ule wasiwasi niliougusia nyuma. Chombo cha pamoja kina hofu yake. Watu huogopa sumu, huogopa kijicho, huogopa mkono wa mtu waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Sahani mpya iliyotolewa katika karatasi yake haina historia. Haijapata kuguswa na adui. Hapa ndipo naona jambo kubwa lililojificha. Sahani ya kutupwa hutupa usalama kwa kutufanya wageni sisi kwa sisi. Mlaji hahitaji kumwamini aliyeiosha, kwa kuwa hakuna aliyeiosha. Hahitaji kuirudisha, kwa kuwa hakuna anayeingoja. Usalama huo si kitu kidogo, wala simlaumu anayeutamani. Lakini tukumbuke kwamba karamu ilibuniwa ili watu wanaoogopana wapate kula pamoja na kupunguza kuogopana. Chombo kinachotuondolea haja ya kuaminiana hutuondolea pia nafasi ya kujifunza kuaminiana.

Hoja ya nne ni ya heshima. Mwenye karamu huona haya kuwapa wageni sahani za rangi mbalimbali, za kuazima huku na huku, na huona kwamba sahani nyeupe za kununua ni dalili ya uwezo. Hoja hii siipi nafasi kubwa. Heshima ya mgeni imo katika chakula na katika uso wa anayempakulia. Usiache mbachao kwa msala upitao.

MIZANI

Baada ya kuzipima hoja hizo, naona kwamba mwenye karamu yampasa ajiulize maswali mawili kabla hajanunua kitu: nani ataosha, na nani atapokea? La kwanza linamlinda aliye jikoni, na la pili linamlinda aliye nje ya karamu. Atakayejibu moja na kuliacha la pili, atakuwa amefanya nusu ya haki.

Kwa kadiri ya maswali hayo, mpangilio wa kuchagua waweza kuwa kama ufuatao. Kwanza ni vyombo vya kudumu vya kikundi, ikiwa maji yapo na ikiwa waoshaji wamepangwa kwa zamu bila kujali mume wala mke. Pili ni jani la mgomba, likikatwa kwa panga safi na kwa ruhusa ya mwenye shamba. Tatu ni sahani ya nyuzi isiyo na utando wala dawa ya kuzuia mafuta, na kabla ya kuinunua shimo la kuifukia liwe limekwisha kuchimbwa, mbali na kisima. Mwisho kabisa, na kwa dharura tu, ni plastiki, iwe ya mafuta ya petroli au ya mahindi. Nayo ikusanywe, isichomwe.

Huenda mtu akauliza kama karamu za vijijini zina uzito wowote mbele ya viwanda vya dunia. Mwezi Machi 2022, mataifa yaliyokutana Nairobi yaliazimia kuandika mkataba juu ya uchafuzi wa plastiki. Lakini kikao cha Geneva cha Agosti 2025 kiliisha bila mapatano. Ikiwa wakubwa hawajakubaliana, hiyo si sababu ya kijiji kuwangoja. Chama cha kuzikana hakihitaji mkataba wa mataifa ili kinunue sahani 300 za bati.

HITIMISHO

Napenda kumalizia kwa jambo linalotuhusu sisi wenyewe. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nayo huadhimishwa tangu mwaka 2022. Ndio mwaka ambao baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini humo, baada ya kutajwa katika mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005. Kila mwaka, pande zote mbili za mpaka, walimu na wanafunzi hukusanyika kwa ngonjera, mashairi na hotuba, kisha hula. Ni vyombo gani vitakavyobaki uwanjani baada ya hotuba zetu juu ya utu na ujirani?

Jibu, kwa bahati nzuri, liko mbele ya macho yetu kila siku ya shule. Katika shule nyingi za Busia na Tororo mwanafunzi huja na sahani yake na kikombe chake. Saa ya chakula hupanga foleni, hupakuliwa, hula, huenda bombani, huosha, na huviweka vyombo vyake tayari kwa kesho. Hapana anayemwonea huruma kwa kufanya hivyo, wala hapana anayeliita jambo hilo ushamba. Ikiwa tunaona kwamba ni malezi mema kwa mtoto wa miaka kumi, sioni ni kwa nini mwalimu wake asije sherehekeni na sahani yake mwenyewe na kuiosha mbele ya watoto hao.

Wako watakaoona kwamba nimeitwisha sahani mzigo usio wake. Na waandike katika kurasa hizi, nasi tutawasoma. Ila nawasihi kwamba, kila watakapolitumia neno "kutupa" katika hoja zao, walinyambue katika kauli ya kutendea na kumtaja mpokeaji kwa jina lake.